Kondoo Niliyemchinja kwa Mdomo

Thika, jioni, kabla hujapanda treni

Karanja mwanangu,

Mimi baba yako nimepita miaka sabini. Kwa kiasi gani sijui, maana siku niliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Nimeiona njaa kubwa ikija na nikaiona ikienda. Nilibeba mizigo ya Vita vya Wajerumani mpaka wenzangu wakaanguka njiani, mimi nikarudi na miguu yangu. Ndui imepita. Nzige wamepita. Mke wangu wa kwanza alikufa bila kuniachia mtoto. Wazungu wa lile shamba la mkonge walibadilishana, mmoja akitoka mwingine akiingia, na wote walimkuta nyapara ni mimi. Sasa hii hali ya hatari iliyotangazwa na serikali nayo inakwisha, na mimi bado niko. Hapa lokesheni, mtaa huu wa Waafrika, hakuna mtu wa rika langu anayeweza kubeba gunia la makaa kutoka stesheni mpaka mlangoni kwetu. Mimi juzi nilibeba. Mgongo uliniuma baadaye, lakini hilo sikumwambia mtu.

Usicheke mwandiko. Herufi nilifundishwa kule shambani nikiwa tayari na ndevu, na nilifundishwa kwa Kiswahili, maana nyapara alitakiwa kuandika majina ya watu waliokuja kazini. Kikikuyu chetu nakisema tu. Hii barua nitaiweka ndani ya sanduku lako la bati, chini ya lile shati jeupe, ili uipate kesho alfajiri ukilitoa kulivaa, kabla ya kwenda stesheni. Ningetaka kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unanijua. Nikiufungua unaanza kunisifu.

Mambo ya kufua nguo, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kwenda kanisani, hayo mama yako amekuambia na atakuambia tena kesho stesheni mpaka uchoke. Mimi nina moja tu.

Leo mchana, wakati wa kukuaga, tulikuwa tumejaa nyumbani. Wajomba wako wapo, majirani wapo, wali na nyama vipo. Ukasimama ukasema vizuri, kama karani wa kweli, kwamba mshahara wako wa reli hutaula wote. Kila mwezi utaleta nyumbani, baba atakununulia ile ploti ya sokoni, njia ya kwenda Gatundu, na atakujengea vyumba vya kupangisha. Watu wakapiga makofi. Mama yako akauliza kwa sauti ya chini, “Huyo Njoroge anayeuza, watu wa kwao tumewaona?”

Ukamjibu ukicheka, “Mama, wewe kaa na sufuria. Mambo ya ploti ulishatuonyesha unavyoyajua.”

Watu wakacheka. Mjomba wako akaongeza, “Huyu akiitwa shahidi, heri uite ukuta!” Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka, Karanja. Nilicheka kuliko wote. Mama yako akakusanya sahani akatoka nje, na kupitia mlangoni nikamwona anaosha sahani ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Hayo maneno uliyomwambia hukuyatoa kwako. Niliyapanda mimi. Nilikuambia wewe na ndugu zako, na kila mtu aliyetaka kusikia, kwamba vyumba vyetu vya Ruiru tulivipoteza kwa ajili ya mdomo wa mama yenu. Si kweli. Nitakueleza ilivyokuwa, na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ubaya wenyewe ulianzia mbali.

Wewe umeitwa jina la baba yangu. Umekuwa ukisikia nikisema Karanja wa kwanza alikuwa na mashamba yaliyoshuka mpaka mtoni Chania. Karanja wa kwanza alikuwa muhoi. Alilima shamba la watu, kwa ruhusa yao, na siku waliyolitaka walimwambia aondoke. Akafunga mbuzi wake kamba akaondoka. Nilikuwa mtoto, nikabeba kuku. Hakuna nilichokiogopa maishani kama mtu kusimama mbele za watu na kuniita mtoto wa muhoi. Hata simba wa kule Tsavo, tulipokuwa tukibeba mizigo, sikuwaogopa hivyo.

Basi nilipoacha unyapara nilikuwa na akiba, na nilitaka ardhi kama mgonjwa anavyotaka maji. Kulikuwa na kijana mmoja jina lake Mbugua, alikuwa akileta kuni pale mkongeni. Kwao ni juu ya Ruiru, pale rizavu, ardhi tuliyotengewa sisi, inapopakana na mashamba ya kahawa ya Wazungu. Akaniambia ana kipande kando ya soko. Nilikwenda kukiona. Na hapa sikudanganyi, nilikiona kwa macho ya mtu anayejua. Nilikwenda wakati wa mvua, si wakati wa jua, ili nione maji yanakimbilia wapi. Niliangalia wanawake wanachota maji wapi, maana mpangaji akichoka na ndoo anahama. Nilisimama kwenye ile njia saa watu wanapotoka kazini, nikaona vijana wa machimbo ya mawe wakipita kurudi mbali, wamechoka, nikajua hawa wakipata chumba hapa hawatauliza mara mbili. Hayo yote niliyaona peke yangu bila kufundishwa. Mtu yeyote akikuuzia kipande cha ardhi, kaangalie hivyo hivyo. Katika kuangalia ardhi, Thika nzima hakuna anayenishinda.

Lakini sikuangalia watu.

Kile kipande kilikuwa shamba la viazi vitamu la mama yake Mbugua. Wewe umesomea shule ya bweni na mambo ya nyumbani yamekupita kidogo, kwa hiyo nitakuambia. Shamba la namna hiyo ni la nyumba ya yule mama. Kijana wake hawezi kuamka tu akaliuza. Kwanza wa nyumba yake wanaambiwa, kisha mnunuzi anakwenda kwao, anakaa, anatazamwa. Analeta kondoo dume. Wazee wa pande zote mbili wanamchinja, wanatembea mpakani pamoja wakimwaga yale majani ya tumboni mwake, na wanapanda yale maua ya itoka ili yawe alama. Siku hiyo hata watoto wanaona. Kazi ya kondoo ni hiyo, watu wawe wameona. Ukifa wewe, akifa muuzaji, kuna mtu atasema, mimi nilikula ile nyama.

Mbugua aliniambia, “Mzee, tukimwita mama na wazee, maneno yatakuwa mengi. Na kuna mtu wa Kiambu anakuja Jumamosi.”

Huyo mtu wa Kiambu, Karanja, utakutana naye kila mahali. Yuko Kisumu pia, anakungoja. Kila anayeuza anaye mmoja anayekuja Jumamosi, na mimi sijawahi kumwona uso.

Lakini nisimsingizie Mbugua. Hakunivuta, nilikuwa nimeshaanguka. Nilijua wazee wakikaa, swali la kwanza ni hili: huyu ni wa ukoo gani, baba yake alilima wapi? Na mmoja wao angejua. Halafu kulikuwa na kiburi kingine: niende kwa mwanamke, nikae kwenye kigoda chake, nimwombe ardhi? Mimi, nyapara? Basi tulifanya wawili. Tulipanda itoka wenyewe, mimi na yeye, haraka kama watu wanaoficha kitu. Kisha tukaingia hoteli pale Ruiru tukala nyama ya kukaanga, nikamwambia, “Hiyo ndiyo kondoo.” Tukacheka.

Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anachambua maharagwe.

“Baba Karanja, umenunua?”

“Nimenunua.”

“Kondoo alichinjiwa wapi?”

“Tulikula nyama.”

“Nyama ya nani?”

“Nyama ni nyama.”

Akaniangalia. “Nyama ya hoteli?”

“Wewe unataka ardhi au unataka nyama?”

Akaendelea na maharagwe yake. Kisha akasema, “Mama yake amekuona uso?” Nikamwambia mimi sinunui ardhi kwa wanawake. Ndiyo mwisho wa shauri lililofanyika ndani ya nyumba hii juu ya jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Unaona lilivyokuwa fupi.

Halafu mwanamke huyo huyo akaenda akajenga. Wewe ulikuwa shuleni, ulikuja likizo ukakuta vyumba vimesimama, nikakuambia nimejenga. Mimi nilisimamisha nguzo na kupiga paa. Yale madebe ya mafuta ya taa tuliyoyafunua yakawa mabati, mama yako ndiye aliyeyapasua na kuyanyoosha kwa jiwe. Udongo alikandika yeye. Maji alibeba yeye, kutoka bondeni, na ujauzito wa mdogo wako wa mwisho. Kalasinga aliyeniuzia milango mikuukuu pale Thika alikuja na mkokoteni kuishusha, akazunguka nyumba, akapiga ukuta kofi, akasema, “Mzee, kazi mzuri sana. Mama hii fundi. Shahidi ya shamba iko?” Nikamwambia apeleke mkokoteni wake. Yaani hata Mhindi wa milango aliuliza.

Vijana wa machimbo wakaingia vyumba vyote kabla udongo haujakauka. Nikaanza kutembea na fimbo. Hapa lokesheni nikawa nasema “wapangaji wangu” hata mahali pasipohitaji, mpaka nikimwambia mtu kumenyesha nasema kumenyeshea wapangaji wangu.

Kisha hali ya hatari ikazidi, Mbugua akachukuliwa kwenye kambi ya kizuizini. Hakurudi. Na baada ya hapo serikali ikaanza kupima mashamba na kuyaunganisha, kamati ya wazee ikawa inakaa pale sokoni, kila mwenye kudai anasimama mbele za watu anasema ardhi yake ni ipi, ameipataje, na nani aliona.

Usiku ule wa kuamkia zamu yetu nilimwambia mama yako, “Kesho utasema ulipika kondoo.”

“Sikupika.”

“Utasema ulipika.”

“Baba Karanja, yule mama atakuwa amekaa pale. Mtoto wake amekufa. Nimwangalie nimwambie nilipika kondoo wa mtoto wake?”

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika, nikamwambia alale. Nilidhani nimemaliza. Nilizoea kuamuru watu wa mkonge, nikadhani mke ni safu ya mkonge.

Kesho yake nilisema vizuri, Karanja. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, nilivyosema vizuri. Nilisimama na fimbo. Nikaeleza kondoo alikuwa mweusi, pembe zimepinda hivi, alipigana na kamba njia nzima. Nikamwongezea mpaka kengele shingoni. Watu wakawa wanaitikia kwa kichwa, wanamwona. Mwenyekiti akauliza, “Nani alimla?” Nikasema waliomla wengine wamekufa, wengine wako kambini, lakini aliyepika ni mke wangu, yule pale.

Mama yako akaitwa. Alisimama amejifunga mtoto mgongoni. Akasema, “Mimi nilikandika nyumba. Maji nilibeba. Pesa ya mume wangu najua ilitoka, haikuibwa. Kondoo sikumwona.”

Akarudi akakaa kati ya wanawake.

Ndipo akasimama mama yake Mbugua. Wengine wanamwita Cucu, yaani bibi kizee. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, na fimbo yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Hakuiangalia kamati, aliniangalia mimi. Akasema, “Nilikuona ukija na kamba za kupimia. Nikasema, kesho atakuja kunisalimu. Nilikuona unasimamisha nguzo, nikasema, ni mtu mzima, anajua, akimaliza paa atakuja. Mke wako nilikutana naye kisimani, akanisalimu kama mtu. Wewe mwaka mzima ulipita mlangoni kwangu ukitazama upande mwingine.”

Halafu akasema hili. Lisome pole pole, maana ndilo lililonifanya nikae chini nikaandika.

“Leo nilikuja hapa kuwaambia wazee wamwache akae. Mwanangu alikula pesa yake, na mtu aliyejenga kwa nguvu vile hafukuzwi. Nilitaka kusema alete kondoo sasa, amalize, tule, tuwe watu. Lakini huyu amechinja kondoo kwa mdomo, na amemlisha mwanangu aliyekufa. Ardhi yangu siwezi kumpa.”

Kamati ikasema imekwisha. Mzee mmoja mwenye jicho moja akauliza, kwani huyu ni wa wapi, na mwingine akajibu, huyo ni mtoto wa Karanja yule muhoi. Mbele za watu wote. Lile nililolikimbia maisha yangu yote lilinikuta pale pale nilipojenga ili lisinikute.

Cucu akasema mabati na milango achukue mama yako, kwa sababu yeye hakudanganya. Milango iliyo katika nyumba hii, huu hapa ninaoutazama nikiandika, ni hiyo. Tuliipata kwa mdomo wa mama yako, ule ule mliokuwa mkiucheka leo.

Sasa unaelewa. Ukweli wa mama yako haukutupokonya ploti. Ningenyamaza tu, au ningesema “sikuleta kondoo, nilikosea, nitaleta,” ile ploti ingekuwa yetu mpaka leo na wewe ungekuwa mtoto wa mwenye nyumba. Nilitembea kutoka Ruiru mpaka Thika nyuma ya mkokoteni wa mabati, mama yako mbele na mtoto mgongoni, na njiani nikatunga hadithi ya kuwaambia watu. Tulipovuka mto Ndarugu ilikuwa imeiva. Tulipofika nyumbani nilikuwa naiamini. Mama yako aliisikia ikisemwa mara ya kwanza pale pale mlangoni, kwa jirani. Hakuniuliza. Mpaka leo hajaniuliza. Ningeomba aniulize.

Na ningekuambia nimebadilika, lakini ngoja nikuambie jambo la jana. Njoroge wa hii ploti yako alikuja. Ana ulimi mtamu. Akasema tusiwasumbue ndugu zake, watachelewesha, na kuna mtu wa Limuru anakuja juma lijalo. Mimi, na niliyoyaona yote, nikampa mkono! Nilijisikia nikisema, “Mimi najua ardhi, kijana.” Mama yako alipouliza watu wa kwao wako wapi, nilimfokea. Hata leo mchana alipouliza mbele yenu alikuwa anauliza mara ya pili. Mzee wa miaka hii, na bado nachinja nyama ya hoteli.

Kwa hiyo, Karanja, pesa yako usiniletee mimi. Naandika hili na mkono unakataa. Mletee mama yako. Ukifika Kisumu andika barua kwa jina lake, asomewe na mdogo wako yule aliye shuleni, kwa sauti, mimi nikiwa nimekaa pale, niisikie. Useme kwamba ploti ataitafuta yeye. Kwanza aende kwao Njoroge, akae na mama yake na ndugu zake, waonane uso, na kama hawataki, arudi na asilie. Zitakuja nyingine. Mambo ya maji, ya njia, ya mlango uelekee wapi ili upepo usiingie, anaweza kuniuliza, na nitamjibu, maana hayo kweli nayajua na sitajidai siyajui. Na ukinunua kitu huko Kisumu siku moja, ujue ni watu wengine na desturi nyingine. Uliza wao huchinja nini, na kabla hujatoa chochote nenda ukamtafute yule mama anayelima pale.

Na useme neno juu ya leo. Lako wewe ulilomwambia, si langu. Langu nitalisema mwenyewe. Nimeandika hapa nitalisema, kwa hiyo sasa itabidi.

Siku ikifika ya kwenda kwao muuzaji, mama yako atatangulia. Mimi nitakuja nyuma nimeshika kamba ya kondoo. Kondoo wa kweli, anayepumua. Akivuta nitamvuta, bado nina nguvu, hilo nilishakuambia. Wakiuliza mimi ni nani, nitasema ni mtoto wa Karanja aliyekuwa muhoi. Nimeshajaribu kulisema hapa peke yangu, na mdomo haukuungua.

Haya niliyoandika usiyaamini kwa sababu ni mimi nimeyasema. Treni ikisimama Ruiru tazama upande wa juu, na siku ukipata likizo panda kule sokoni. Uliza mama yake Mbugua, bado yuko, bado analima, na viazi vyake vimeshafunika pale palipokuwa na vyumba vyetu. Uliza yule mzee wa kamati mwenye jicho moja. Zile itoka nilizopanda na Mbugua nazo ziko, zimeota vizuri tu, lakini hizo hazina la kukuambia, kwa sababu hakuna aliyetuona tukizipanda. Na kama huwezi kungoja likizo, basi kesho asubuhi pale stesheni, atakapokuwa anakufunga kola na kukuambia uchemshe maji, mwangalie mama yako. Yeye alikuwepo tangu mwanzo, na alishasema ilivyokuwa, mara moja, mbele za watu wote.

Ni mimi baba yako.